Maswali ya Wasomaji: Unakaa Wapi?

Barua za mwezi huu zimetoka Kisumu, Nakuru, Vihiga na Bungoma, na zote zinazunguka maneno ambayo wahubiri huyapenda na wachache huyafafanua: kupumzika ndani ya Bwana. Mtu akishaambiwa hivyo Jumapili, Jumatatu afanye nini hasa? Tumechagua barua nane na kuzifupisha. Majina tumeyaacha.

SWALI: Bwana asifiwe. Nauza omena na mboga soko la Kibuye, Kisumu. Naamka saa kumi alfajiri, nafunga saa moja jioni, na nikifika nyumbani Kondele kuna kupika na madaftari ya watoto. Kanisani tunaambiwa tukae uweponi mwa Bwana na tupumzike humo. Nikae saa ngapi? Na nikikaa, nani atauza?

JIBU: Mama, tuanze na hilo neno lako, kukaa. Mteja akikuuliza "unakaa wapi?", humwambii kwamba umekaa kwenye kiti. Unamwambia Kondele. Mchana kutwa uko Kibuye na bado unakaa Kondele: vyombo viko huko, watoto wanarudi huko, na jioni miguu inajua njia hata ukiwa na mawazo. Yesu anaposema "Kaeni ndani yangu, nami ndani yenu" (Yohana 15:4), anazungumza juu ya kukaa kwa namna hiyo. Kuanzia mstari huo wa 4 hadi wa 10 neno kukaa limerudi mara 10, na hakuna mahali ametaja saa.

Kwa hiyo muungano wako na Kristo haujengwi alfajiri ukiwa na nguvu na kubomoka saa nne mteja akikutusi. Paulo anawaambia Wakorintho kwamba aliyeungwa na Bwana ni roho moja naye (1 Wakorintho 6:17), na anawaambia watu wa mji wa bandari wenye kelele za biashara, hawakuwa watawa. Umeshaunganishwa. Kinachobaki kwako ni kurudi: kukumbuka unakaa wapi, mara nyingi kwa siku, bila kujigombeza.

Fanya hivi. Asubuhi kabla hujagusa simu, keti ukingoni mwa kitanda, nyayo sakafuni, mikono mapajani. Ukivuta pumzi sema moyoni "Bwana Yesu". Ukiitoa, "nakaa ndani yako". Pumzi ziwe za kawaida, usizivute kama unapimwa na daktari. Hesabu 10 uondoke. Ni kama dakika moja. Kiswahili chenyewe kinakusaidia hapa, maana kupumzika na pumzi ni neno moja. Mtoto akiwa amelala pembeni hahitaji kuamka.

Halafu chagua vituo vitatu katika kazi yako. Viwe vitu ambavyo mikono yako hufanya kila siku bila kukosa: kuwasha jiko, kupima gorogoro ya kwanza, kufunga kibanda. Ukifika kituoni, sema yale maneno mara moja tu. Angalia hiyo gorogoro: umeichovya guniani, umeiinua, omena zimefurika mpaka zinamwagika ukingoni, na kiganja kinapita juu kusawazisha. Muda wa kiganja kupita unatosha maneno yote. Mteja hatajua unaomba. Atajua tu kama umempunja.

Wengi wanaharibu mwanzoni kwa kuweka vituo 15. Jumatano wamechoka, Alhamisi wameacha, Jumapili wanaamini kwamba mambo haya ni ya wachungaji. Wengine wanangoja wasikie kitu, joto kifuani au machozi, na wasiposikia wanaongeza sauti. Lakini linalovuruga watu zaidi ni hili: unakumbuka saa nane mchana kwamba hujamwaza Mungu tangu asubuhi, basi unatumia dakika tano kujilaumu. Mama, huko kukumbuka ndiko kurudi kwenyewe. Sema maneno yako, endelea kupima. Kujilaumu ni kubaki barabarani ukilia wakati mlango wa nyumba uko wazi.

Baada ya wiki tatu au nne ongeza kituo cha nne, na safari hii kiwe kigumu: mdaiwa wako wa kila siku anapopita akijifanya hakuoni.

SWALI: Naendesha boda Nakuru, hasa Section 58 kuingia mjini. Nimejaribu kuomba bila kukoma nikiwa barabarani. Mara moja nilipita anapokwenda abiria, mara ya pili nusura nigonge mkokoteni. Je, nimekosea au ni majaribu?

JIBU: Umekosea, ndugu. Ukiwa kwenye lami usifumbe jicho na usihesabu pumzi. Zile pumzi tulizomwambia mama wa Kibuye ni za mtu aliyeketi. Kwako wewe, kutazama kioo, kupunguza mwendo penye tuta na kumfikisha mtu salama ndiyo ibada ya saa hiyo, na Mungu hakuonei wivu ukiikazia macho barabara.

Palikuwa na Mfaransa aliyeitwa Nicolas Herman, aliyefariki mwaka 1691, askari aliyeumia vitani akawa bruda katika monasteri ya Wakarmeli mjini Paris. Alipelekwa jikoni, kazi ambayo kwa asili hakuipenda. Alikuja kusema kwamba saa za kazi kwake hazikuwa tofauti na saa za sala, hata sufuria zikigongana na watu wengi wakimwita kwa wakati mmoja. Jambo ambalo wanaomsifu hulisahau ni kwamba mazoezi hayo yalimsumbua kwa miaka mingi kabla hayajawa mepesi.

Vituo vyako viwe vya pikipiki ikiwa imesimama. Abiria akivaa helmeti: "Huyu ni wako." Akishuka na kulipa: "Asante." Ukizima injini steji na kuvua helmeti, hapo pumzi tatu. Na spika ya masikioni yenye mahubiri, hata yawe matamu vipi, itoe kabla ya kuondoka; unahitaji kusikia lori lililo nyuma yako.

SWALI: Nasoma chuo Maseno. Nimeanza sala ya kimya lakini nikifumba macho mawazo yanaingia kama nyuki: deni la bwenini, mtihani, msichana fulani, wimbo. Dakika tano zinanishinda. Kuna watu hukaa nusu saa. Wanafanyaje?

JIBU: Nao wanaingiliwa na nyuki. Tofauti ni kwamba wameacha kupigana nao.

Anza na dakika tano kwa wiki mbili, kisha 10. Usipande hadi 20 kabla ya mwezi kwisha, hata ukijisikia shujaa. Chagua saa moja na mahali pamoja, kwa sababu mwili unazoea mahali haraka kuliko akili. Keti kwenye kiti kigumu, mgongo wima bila kuegemea. Kitandani utasinzia, na ukiketi ukiwa umetoka tu kula ugali utasinzia hata kwenye jiwe. Weka simu ikuamshe kwa mlio mpole, zima data, igeuze kifudifudi, iweke mbali na mkono. Wengi wetu hushindwa na simu kabla hata ya kuanza.

Soma mistari miwili au mitatu ya Injili, polepole, mara mbili. Chukua neno moja lililokushika, "Baba", "njoo", "amani". Hilo ni neno la kurudia, halihitaji uchambuzi. Funga Biblia. Sema neno hilo kwa upole, halafu nyamaza. Wazo likija, lifanye kama kuku aliyeingia jikoni unaposonga ugali. Ukimkimbiza ataingia chini ya kitanda, atavunja kikombe, na ugali utaungua. Unamwonyesha mlango kwa mwiko na mkono wa pili haujaacha sufuria. Neno lako ndio huo mwiko. Kuku atarudi, utamwonyesha tena.

Wazo lenye kazi ya kweli ndani yake, kama lile deni, liandike kwenye karatasi iliyo karibu, neno moja tu, kisha rudi. Ukimaliza sali Baba Yetu taratibu na usiruke moja kwa moja kwenye ujumbe wa simu. Usijipe alama. Dakika tano zilizojaa kuku na ukabaki kitini ni sala kamili.

Ukisikia hamu kali ya kuinuka katikati, ujue wewe si wa kwanza. Evagrius Ponticus, aliyeishi katika jangwa la Misri na kufariki mwaka 399, aliandika juu ya pepo wa adhuhuri anayemshika mtawa kuanzia saa nne hadi saa nane. Walihesabu saa tangu macheo, kama tunavyohesabu sisi, kwa hiyo saa nne yao ni saa nne yetu. Mtawa anaona jua limesimama. Anatoka nje kulitazama kama saa tisa, saa ya kula, imekaribia. Anachungulia huku na huku kama kuna ndugu anayekuja kumtembelea. Badilisha jua uweke simu, na ni wewe. Dawa ya wazee wale ilikuwa kubaki ndani ya chumba.

SWALI: Mimi ni mzee wa kanisa, Vihiga. Vijana wetu wamerudi na mambo ya kukaa kimya na "kuungana na Mungu". Sisi tulifundishwa kuomba kwa sauti na kutubu waziwazi. Huku kuungana si mambo ya kigeni ya kufanya akili tupu mpaka mtu ajione Mungu?

JIBU: Mzee wetu, swali lako ni la haki na wajibu wa kuliuliza ni wako. Hatari unayoiona ipo kweli. Yako mafundisho yanayosema nafsi ya mtu inayeyuka ndani ya Mungu kama tone la maji ziwani, tone lisionekane tena. Ukristo haufundishi hivyo. Kristo alichagua tawi na mzabibu.

Hapo Vihiga mnaelewa jambo hili kuliko wasomi, maana wengi mmepandikiza avokado. Unachukua mche wa kienyeji wenye shina la unene wa penseli. Unaukata juu kidogo ya ardhi, kama sentimita 20 hadi 30, unaupasua katikati sentimita tatu au nne. Kijiti cha Hass, aina ya avokado ya kuuza, cha sentimita 10 hadi 15, unakichonga kama kabari kwa kisu kikali na kukiingiza humo. Siri iko kwenye ule utando wa kijani chini ya gome: wa kijiti na wa shina lazima vigusane, hata kama ni upande mmoja tu. Unafunga kwa utepe wa nailoni, unafunika maji yasiingie, unakiacha kivulini. Baada ya wiki tatu hadi sita macho yanafumuka. Anayefungua kila siku kuchungulia kama kimeshika anakiua. Na kikishika, kijiti hakijawa shina; bado kinazaa Hass, ila utomvu wote kinaupata kwenye mizizi isiyo yake. Hivyo ndivyo kuungana: viwili, uhai mmoja, na mmoja wao anategemea.

Mkulima yeyote atagundua pia kwamba Paulo katika Warumi 11 amegeuza mambo. Sisi hupandikiza tawi jema kwenye shina la mwitu. Yeye anasema tawi la mwitu, yaani sisi, limepandikizwa kwenye mti mwema, na mwenyewe anakiri kwamba ni "kinyume cha asili" (mstari wa 24). Hakuna mkulima angefanya hivyo kwa faida.

Kuhusu ugeni: baadhi ya Wakristo wa kwanza kuandika kwa kina juu ya sala ya kimya walikuwa jangwani Misri, Afrika hii. Athanasius, askofu wa Aleksandria aliyefariki mwaka 373, alifundisha kwamba Mwana wa Mungu alifanyika mtu ili sisi tushirikishwe uungu, kwa neema, jinsi 2 Petro 1:4 inavyotuita washirika wa tabia ya Uungu. Hakusema tunageuka Mungu wa pili. (Na maji yanayotoka kwenye ziwa letu yanapita Jinja na kuishia huko huko Misri, ingawa hiyo haithibitishi kitu.) Tena jirani zako wa Kanisa la Marafiki (Quaker), ambao wamisionari wao walifika Kaimosi mwaka 1902, ni wa ukoo wa kanisa ulioanza Uingereza karne ya 17 kwa watu kuketi pamoja kimya wakimngojea Bwana, hata kama ibada zao leo huko kwenu zina nyimbo na mahubiri tele.

Wapime vijana wako kwa mambo manne. Je, kimya chao kina Neno ndani yake, wanaanza na Maandiko na kurudi kwayo? Je, wanazungumza na Yesu, au wanatafuta tu hali fulani ya akili? Je, bado wanatubu? Na nyumbani, mama zao wanasema wamekuwa wapole zaidi, au wamekuwa wa kujitenga na kudharau wanaoomba kwa sauti? Hili la mwisho likionekana, waite. Wala usiache kuomba kwa sauti. Zaburi zina kelele na zina kimya katika kitabu kimoja.

SWALI: Ni mwanakwaya, Nakuru. Miaka miwili iliyopita nilikuwa nikiimba nalia. Sasa naimba kama naimba tangazo. Nikisali sisikii kitu. Nimefunga, nimeenda mikesha, wapi. Je, Mungu ameniacha?

JIBU: Dada, kabla ya jambo la kiroho, jibu la kimwili kwanza. Kama ukavu huu umekuja pamoja na kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, chakula kisipande, machozi bila sababu, na hata vitu ulivyovipenda nje ya kanisa havina ladha, na hali hiyo imepita wiki mbili, nenda kituo cha afya ukamweleze daktari hivyo hivyo. Ukiwa na mawazo ya kujiua nenda leo, tena na mtu. Sonona ni ugonjwa, una matibabu, na kumuona daktari si kupungukiwa imani.

Ikiwa sivyo, sikiliza. Mhispania Yohane wa Msalaba (1542–1591) alitoa dalili tatu za ukavu unaotoka kwa Mungu. Mtu hapati utamu katika mambo ya Mungu, na wala haupati kwingine. Pili, inamuuma, anahangaika kwamba hamtumikii Mungu ipasavyo. Tatu, hawezi tena kutafakari na kujijengea picha kama zamani hata akijitahidi. Zote tatu ziwepo pamoja. Aliyepoa tu kwa uvivu ana ya kwanza nusu nusu, maana utamu ameupata mahali pengine, na ile ya pili hana kabisa: haimuumi. Wewe umeandika barua.

Teresa wa Avila (1515–1582), aliyefanya kazi na Yohane huyo, alieleza sala kama kumwagilia bustani kwa njia nne. Ya kwanza ni kuteka kisimani kwa ndoo. Ya pili, gurudumu linaloinua maji na kuyapeleka kwenye mfereji. Kazi ndogo, maji mengi. Ya tatu, kijito kinachopita shambani. Ya nne, mvua, na hapo mkulima hana la kufanya. Aliyewahi kupandisha mtungi wa lita 20 kutoka mtoni, kilo 20 kichwani na mlima mbele, anajua tofauti ya njia ya kwanza na ya nne bila kufundishwa. Wengi huanza na mvua kidogo wanapookoka, wakadhani ndiyo hali ya kawaida. Mvua ikikatika wanaona bustani imelaaniwa. Teresa anasema hata kisima kikikauka, ukafika na ndoo yako ukakuta vumbi, Mwenye bustani anaweza kuyatunza maua bila maji. Kazi yako ni kufika na ndoo.

Kwa vitendo: usiongeze mfungo wala mkesha, umeshajaribu. Usipunguze pia. Kama ulikuwa ukisali dakika 15, zikae 15, na ukitamani kuondoka ya 12 ongeza moja juu, iwe 16. Huo ni ushauri wa Ignatius wa Loyola (1491–1556), mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, ambaye pia alionya kwamba wakati wa ukavu mtu asibadilishe uamuzi alioufanya akiwa na amani. Kwa hiyo usihame kanisa mwezi huu na usiache kwaya. Tumia maneno ya watu wengine wakati yako yamekwisha: Zaburi 63, Zaburi 88, Baba Yetu. Zaburi 88 inaishia gizani bila shangwe, na Waisraeli waliiacha hivyo hivyo kitabuni.

Soma pia Zaburi 131, mistari mitatu tu. Mtoto anayesemwa hapo ameachishwa kunyonya. Mtoto anayenyonya akipakatwa anatafuta ziwa; hatulii mpaka alipate. Aliyeachishwa anakaa kifuani kwa sababu ya mama tu. Lakini uliza mama yeyote wiki ya kuachishwa huwa na kelele kiasi gani.

SWALI: Mume wangu aliokoka, namshukuru Mungu. Sasa anasema anapumzika ndani ya Bwana. Karo ya muhula nimelipa peke yangu, ng'ombe nakamua mimi, majani ya nepia nakata mimi. Nikiuliza ananisomea Waebrania 4. Bungoma.

JIBU: Pole, mama. Mwambie asome hadi mstari wa 11, unaosema tufanye bidii kuingia katika raha hiyo. Kisha Yohana 5:17, ambapo Yesu anasema Baba yake anatenda kazi na yeye anatenda kazi, tena aliyasema akiwajibu waliomlaumu kwa kuponya siku ya Sabato. Wathesalonike walikuwa na kina baba wa namna hiyo na Paulo hakuwazungushia maneno: asiyetaka kufanya kazi asile. Anayepumzika ndani ya Bwana huwa mwepesi wa kushika jembe, kwa sababu halimpi tena jina wala halimwondolei.

Hata hivyo usipigane kwa mistari usiku, mtasomeana mpaka asubuhi. Kwanza muulize kwa utulivu kama kuna jambo: kibarua kimekwisha, deni analoficha, maumivu ya mgongo. Mwanaume mwenye aibu hujificha nyuma ya Maandiko upesi. Kama hakuna, mtajie kazi mbili na siku zake, kukamua asubuhi na nepia Jumatano na Jumamosi, na mwite mzee wa kanisa mnayemheshimu wote wawili awe shahidi.

SWALI: Nahudumu kanisani Kisumu, ni kijana. Jumatatu mazoezi, Jumatano ibada, Ijumaa kesha, Jumamosi mazishi kijijini, Jumapili ibada mbili. Nimechoka hadi nasinzia nikihubiri. Nikiacha naogopa kurudi nyuma.

JIBU: Lala. Ndivyo malaika alivyomtunza Eliya katika 1 Wafalme 19. Nabii amekimbia, amekaa chini ya mti, anaomba kufa. Malaika hamhubirii. Anamgusa, anampa mkate uliookwa juu ya makaa na maji, anamwacha alale, kisha anamlisha mara ya pili. Ile sauti ndogo ya utulivu inakuja baadaye sana, mtu akiwa ameshalala, ameshakula na ameshatembea hadi Horebu.

Na ninyi wa ziwani mnajua dhoruba ya usiku. Yesu alilala shetri, sehemu ya nyuma ya mashua, kichwa kikiwa juu ya mto, mashua inajaa maji (Marko 4:38). Wanafunzi waliona usingizi ule kama kutojali.

Sasa mpango. Ondoa jambo moja kati ya hayo matano kwa miezi mitatu, na umwambie mchungaji mapema, si kwa ujumbe wa saa kumi na mbili jioni ya siku yenyewe. Tunashauri kesha liwe mara moja kwa mwezi, kwa kuwa anayekesha Ijumaa na kusafiri mazishini Jumamosi hafiki Jumapili akiwa mzima. Kisha tenga masaa 24 kila wiki, jioni hadi jioni kama Sabato ya Biblia. Kama Jumapili ni kazi yako, chukua Jumatatu: anza saa kumi na mbili jioni ya Jumapili, na mazoezi ya kwaya yahamie Jumanne. Andaa mapema: maji yamejaa, maharagwe yamechemshwa, nguo zimefuliwa, pesa ya watu imetumwa. Sabato huvunjwa na maandalizi mabovu kuliko na dhambi. Ndani ya saa hizo hakuna kuandaa mahubiri, hata "kidogo tu". Wiki mbili za kwanza utajisikia mwenye hatia na kukosa raha. Ni mwili unaoshuka kutoka kwenye mwendo.

Hofu yako ya kurudi nyuma inasema unadhani wewe ndiye umemshika Mungu. Hudson Taylor, mmisionari aliyefanya kazi Uchina, alifika hapo mwaka 1869, amechakaa kwa kujitahidi awe na imani zaidi. Barua ya mwenzake, John McCarthy, ikamfungua macho: aache kuhangaikia imani yake, amtazame aliye mwaminifu. Aliendelea na utumishi kwa miaka mingi baada ya hapo. Alifariki mwaka 1905.

SWALI: Ni mwalimu mstaafu, Nakuru. Nina pumu, kwa hiyo kuomba kwa kufuata pumzi kunanitia hofu badala ya amani. Na usiku ndio mgumu kwangu. Nifanye nini?

JIBU: Mwalimu, achana na pumzi kabisa. Hakuna utakatifu ndani yake. Ilikuwa ni kamba tu ya kufungia maneno. Dawa yako ya kuvuta iwe mkononi, usiifungie kabatini.

Tumia vidole. Ukishajilaza, mito imeinua mgongo kama unavyolala siku zote, shika kidole gumba kwa mkono wa pili. Taja kitu kimoja cha leo unachoshukuru, kidogo na dhahiri: chai iliyokuwa na tangawizi, mjukuu aliyepiga simu. Kidole cha shahada: omba nuru uione siku jinsi Mungu alivyoiona. Cha kati: pita kwenye siku kuanzia asubuhi, bila haraka, uone ulipokaa naye na ulipotoka. Cha pete: pale ulipotoka, omba msamaha mara moja, usirudie. Cha mwisho: mkabidhi jambo moja la kesho, moja tu, lenye saa yake. Ignatius alizipanga hatua hizi tano zamani. Vidole tumeviongeza sisi. Zote zisipite dakika 10.

Usingizi ukikuchukua ukiwa umeshika kidole cha kati, kesho usiku anzia cha pete.